Kilo Tatu kwenye Mkono wa Vali

Sasa watu wote wa Kitomanga wanajua kwamba namba ile niliibuni. Kuna kitu kimoja ambacho sijamwambia mtu hata baada ya yote. Kwanza niliandika mbili, nikaifuta, nikaandika tatu, kwa sababu tatu ilionekana kama namba iliyotoka kitabuni.

Barua ni hizi. Za Mjomba nilizitunza, na zangu nilikuwa nanakili nyuma ya daftari la Fizikia kabla ya kuzituma, maana naandika polepole na huwa naogopa kusahau nilichosema.

*

Bweni la Wasichana,
Kilwa Masoko,
11 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Klementi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mafua tu. Msalimie mkazamjomba Benadetha. Mwambie Mama kwamba sabuni ilifika na sketi inanitosha, asihangaike kutuma nyingine. Naomba radhi sikuzungumza vizuri siku ile kwa simu ya matroni. Tunapewa dakika tatu kila mmoja, na wasichana ishirini wamesimama nyuma wanasikiliza, nami maneno yananikimbia. Kwenye barua nayapata.

Mjomba, nimesoma jambo ambalo nadhani litakusaidia. Likizoni ulisema unataka kuwatengenezea kikundi cha Mama boila ya kupikia korosho kwa mvuke, ili waache kuzichoma kwenye karai. Mimi sipendi kuviangalia vidole vya Mama. Yale mafuta ya ganda yamemla hadi kucha.

Maktaba yetu ina kitabu kisicho na jalada kuhusu Mmarekani mmoja wa zamani, John Stevens. Mwaka 1804 alitengeneza mashua ndogo ya mvuke yenye rafadha mbili za kusukuma maji nyuma, ikavuka mto kwa nguvu zake yenyewe, wakati watu wengi walikuwa bado wanategemea tanga na kasia. Kilichonivutia ni boila yake. Hakutumia pipa moja kubwa. Alitumia mabomba madogo mengi, maji yakiwa ndani na moto nje. Moto unagusa maji mahali pengi, kwa hiyo kuni zinapungua, na bomba dogo linavumilia msukumo kuliko pipa kubwa la bati lilelile.

Nimekuchorea. Juu kuna vali ya usalama: kizibo, mkono wa chuma uliolala juu yake, na mzigo unaoning'inia mwishoni mwa mkono. Mvuke ukizidi unakiinua kizibo, unatoka nje na kupiga filimbi, kisha kinajifunga tena.

Nampa barua hii Rehani, kondakta wa basi la Lindi.

Mpwa wako,
Emerensiana

*

Kitomanga,
25 Agosti 2024

Mpwa wangu Emerensiana,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu, na jogoo wa mkazamjomba wako aliyeibwa. Hatujui mwizi ni nani. Mkazamjomba wako anajua, na kila akipita dukani analitaja jina kwa sauti. Mama yako anakusalimu, amefurahi kuhusu sketi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti bandani, wanakikundi wakisikiliza. Mama Mwahija akauliza, "Huyo Mmarekani alikuwa anabangua korosho?" Nikamjibu kwamba alikuwa anavusha watu mto. Akasema, "Basi mwambie atuvushe na sisi, vidole vinakwisha."

Nilikuwa nimeshanunua pipa la dizeli. Nilipanga kuliziba, kulitia maji na kulichochea. Umeniokoa. Hili la mabomba nimelielewa: chungu kikipasuka kinaondoka na jiko zima, kikombe kikipasuka unafuta meza. Nitachomelea mabomba kumi na manane kwenye mtungi wa gesi wa zamani, ule mnene.

Lakini mchoro wako umeniacha njiani. Umeandika "mzigo". Mzigo kiasi gani? Mimi fundi wa kuchomelea nikikosea lango, linalia tu bawaba. Hiki nikikikosea, watakaokaa mbele yake ni dada yangu na wenzake kumi na mmoja. Niletee namba ya kitabuni. Bila namba sikati hata bomba moja.

Mjomba wako,
Klementi

*

Kilwa Masoko,
8 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mafua yamepona. Pole kwa jogoo. Tumefanya mtihani wa Kiswahili na nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Naima, ambaye hata hasomi, anakumbuka tu.

Namba uliyoomba ni kilo tatu, zining'inie mwisho kabisa wa mkono.

Yule John Stevens hakuishia kwenye mashua. Aliandika kitabu kizima kuwaeleza wakubwa kwamba njia ya reli ingewafaa kuliko mifereji, nao hawakumsikiliza. Mwaka 1825, akiwa na miaka sabini na sita, alitandika reli ya mviringo uani kwake na kuendesha juu yake gari la mvuke, linazunguka na kuzunguka, ili watu waone kwa macho. Nimemfikiria sana. Sijui kama nitawahi kuwa na uhakika na kitu namna ile.

Nina haraka, kengele imelia.

Emerensiana

*

Kitomanga,
29 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera kwa kuwa wa pili. Mwambie huyo Naima tunakuja. Fidelis wa jirani amepata mtoto wa kike, analia kama mashine ya kusaga. Jogoo hajarudi.

Tumewasha! Ijumaa, mbele ya watu. Moto robo saa, maji yakaanza kunguruma ndani ya mabomba, tukafungulia mvuke uingie kwenye pipa la korosho. Kumbe ndivyo korosho inavyotakiwa kuwa: ganda limelainika, mafuta hayaruki. Mama yako alibangua ndoo nzima akanionyesha mikono yake. Alinionyesha tu.

Kisha filimbi ikapigwa. Mama Mwahija alikimbia akaacha kandambili zote mbili, hadi barabarani. Aliporudi akasema, "Mimi sikukimbia. Nilikwenda kuangalia kama basi linakuja." Hadi leo anaitwa Mama Basi.

Mama yako ndiye mchochezi. Amekataa kumwachia mtu mwingine, anasema boila hii ni ya mwanawe. Nami nimepaka rangi nyeupe ubavuni: MZIGO KILO 3. HESABU: EMERENSIANA, KIDATO CHA TATU. Watu wanapita kuisoma. Mwalimu wa shule ya msingi amewaleta watoto. Bwana mmoja wa Kikole anataka nimjengee nyingine kama hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba inapiga filimbi mno, kila baada ya muda mfupi, na kila ikipiga ni kuni zimepotea hewani. Lakini tutazoea.

Klementi

*

Kilwa Masoko,
13 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa ajili ya Mama. Mtoto wa Fidelis ameitwa nani? Mimi ni mzima, ila chakula hakipandi vizuri, matroni anasema ni joto.

Naomba usimjengee kwanza yule bwana wa Kikole. Na naomba mbadilishe mzigo uwe kilo mbili, au moja na nusu. Nimepata kitabu kingine kinachosema hivyo ni bora. Najua filimbi itazidi na kuni zitaongezeka. Naomba tu.

Na Mama anaweza kukaa mbali kidogo na boila, akichochea kwa mti mrefu?

John Stevens aliwahi kujenga meli ya mvuke kubwa, halafu wapinzani wake wakawa na haki ya peke yao kwenye maji ya New York. Akaamua ipitie bahari kuu hadi Philadelphia, mwaka 1809. Meli ya mvuke ilikuwa haijawahi kuthubutu kwenda baharini. Aliyeiongoza ni mwanawe mwenyewe. Nimekaa nikifikiria zile siku ambazo baba alikuwa nyumbani anasubiri habari.

Nijibu upesi, tafadhali. Andika tu kama mmebadilisha.

Emerensiana

*

Kitomanga,
27 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, basi la Rehani lilikuwa gereji wiki nzima. Mtoto anaitwa Skolastika.

Tuna msiba. Mzee Tawakali, ambaye ukuta wa nyumba yake umepakana na banda letu, alifariki tarehe 19. Tulizika siku ya pili. Kikundi kilisimamisha kazi siku tatu, tukabeba maji na kuni kwa wafiwa. Siku ya nne tukawasha, maana tumeahidi magunia na mnunuzi hana subira. Lakini mpwa wangu, mtu hawezi kupiga filimbi dirishani kwa mfiwa. Wajane wamekaa chini, watu wanasoma dua, halafu sisi fiii! fiii! kama tuko stendi. Huku hata kinu hakitwangwi karibu na matanga. Nikainyamazisha. Imetulia kabisa sasa, na kuni zimepungua. Tutaiacha hivyo hadi arobaini ipite.

Usiwe na wasiwasi. Kitabu kimesema tatu, na watu wa vitabu huwa wanaacha nafasi. Mimi mwenyewe mteja akiniambia tangi la lita elfu, namjengea la elfu na mia.

Kula vizuri. Mama yako anasema ujipikie uji wa ulezi, nikamwambia bweni si jikoni kwake.

Klementi

*

Barua hii niliipata tarehe 4 Novemba, siku nane baada ya kuandikwa. Niliisoma nimesimama getini. Filimbi ya vali hunyamazishwa kwa kuongeza mzigo, kwa hiyo niliisoma tena nikitafuta jambo moja: ameongeza kiasi gani? Hakuandika. Wala hakuandika chochote kuhusu kilo mbili. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya bwenini. Arobaini ingepita mwisho wa Novemba. Simu ya matroni ilikuwepo, lakini jambo hili nisingeweza kulisema kwa dakika tatu mbele ya wasichana ishirini.

*

Kilwa Masoko,
5 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na poleni kwa msiba wa Mzee Tawakali. Mungu ampumzishe.

Zimeni boila leo. Usimalize kusoma, nenda kwanza mkatoe moto, halafu urudi.

Hakuna kitabu cha pili. Na cha kwanza hakikusema tatu. Ukurasa uliofuata mchoro umeliwa na mchwa, na hata ungekuwepo usingesaidia, kwa sababu ungezungumzia mabomba ya Stevens na si ya kwako. Hesabu yenyewe ingetaka unene wa chuma, upana wa kizibo, urefu wa mkono na ubora wa maungio. Mimi sikuuliza hata kimoja. Ulisema bila namba hujengi, nami nilitaka ujenge, nikaandika namba.

Hiyo nafasi unayodhani kitabu kimeiacha, haipo. Huenda hata zile tatu zimepita kiasi. Umeweka mzigo mwingine juu ya neno langu, na neno langu halikuwa na kitu chini yake.

Nimekuwa nikikuandikia habari za yule Mmarekani kana kwamba ni ndugu yangu. Yeye alipokosea, alikosea pale alipokuwa amesimama. Mimi nimekosea nikiwa Kilwa, na aliyekaa mbele ya moto ni Mama.

Usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe.

Emerensiana

*

Nilimpa Rehani kesho yake alfajiri.

"Barua gani hizi kila mara?" akasema. "Una mchumba Kitomanga?"

"Ni ya Mjomba. Mpe mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine yeyote."

"Hata mkewe?"

"Hata mkewe."

Ijumaa jioni, tarehe 8, aliniita getini. Alikuwa ameishika bahasha ileile, imefungwa kama nilivyoifunga.

"Fundi Klementi hayupo, kaenda Nyangamara kutafuta mabomba. Boila ya pili, ya yule bwana wa Kikole. Mkewe aliniomba anipokee, nikamwambia nimekatazwa." Alitabasamu. "Mimi nikiambiwa mkononi, ni mkononi."

"Boila walikuwa wanaitumia?"

"Moshi niliuona. Kwani vipi?"

Nilikwenda kwa matroni Consolata nikiwa nimeshika bahasha. Nilisimama mlangoni, nikashindwa kuanza, nikampa asome. Alisoma yote bila kukaa. Kisha akatoa simu. Ya Mjomba haikupatikana. Mama hana simu. Namba ya mtu mwingine wa Kitomanga sikuwa nayo. Akaniandikia ruhusa.

"Basi la kwanza ni saa kumi na mbili," akasema. "Utaweza kusema mbele za watu?"

Nikamwambia sijui.

Jumamosi nilishuka Kitomanga karibu na saa nne. Nilipokaribia banda nilisikia sauti za wanawake wakicheka, nikajua bado ni wazima. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya moto. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, migongo ukutani, wanabangua. Boila ilikuwa kimya. Mwisho wa mkono wa vali palining'inia lile donge la chuma la kilo tatu, na juu yake majembe mawili yasiyo na mipini, yamefungwa kwa mpira wa tairi.

Mama aliinuka. "Emere! Shule imefungwa?"

"Mama, toka hapo."

"Salamu kwanza, mtoto wa sekondari," akasema Mama Mwahija. "Au Kiingereza kimemeza shikamoo?"

"Shikamoo. Tokeni hapo. Wote."

Wakacheka. Nina sauti ndogo, na nilikuwa nimeitoa yote. Mjomba akatokea nyuma ya banda, bado na vumbi la safari, amefurahi kuniona.

"Namba niliibuni," nikamwambia. "Kitabu hakikusema tatu. Hakikusema kitu chochote."

Alinitazama. Kisha akaitazama vali, akaunyoosha mkono kwenye majembe.

"Usiguse! Mvuke utakupiga usoni. Toa moto. Toa moto tu."

Sijawahi kumpigia mtu mkubwa kelele. Kicheko kilikatika. Mjomba alichukua koleo, mimi nikachukua mti, tukavuta kuni zote zikaanguka nje, Mama akamwaga mchanga juu ya makaa kwa ungo. Halafu tukakimbia, watu wote, tukazunguka kona hadi uani kwa Mzee Tawakali, upande wa pili wa nyumba. Mama Mwahija alikuwa wa kwanza kufika na hakuna aliyemwita Mama Basi.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, tumesongamana na wafiwa. Nasma, binti wa marehemu, alituletea maji akauliza tunakimbia nini. Mjomba akamweleza kuhusu majembe: kwamba alitaka filimbi isiwasumbue.

"Filimbi?" Nasma akashangaa. "Nani alilalamika? Baba alikuwa anaipenda. Ikipiga ya kwanza anasema, haya, uji."

Mjomba aliinamisha kichwa. Mama alikuwa amekaa karibu yangu. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unajua, na mimi nachochea?"

"Ndiyo, Mama."

Alisogea, si mbali sana, upana wa kiganja.

Boila ilipoa bila kupasuka. Jumapili, baada ya misa, Mjomba aliijaza maji baridi hadi juu, bila hewa, akaunganisha pampu ya mkono, akaacha mzigo wote mahali pake. Aliniambia maji yakipasua bomba yanalowesha tu, hayaruki kama mvuke. Alipampu, mimi nikaangalia maungio. Kabla kizibo hakijainuka, ungio la bomba la saba lilianza kutoa maji kidogo kidogo. Akapampu mara mbili zaidi. Chuma kikalia, bomba likachanika pale lilipoungana na mtungi, upande wa mdomo wa moto. Maji yakamwagika pale ambapo Mama huchuchumaa.

Mjomba akaondoa majembe, akaziba lile bomba lililochanika, akajaza maji tena, akajaribu kwa kilo tatu peke yake. Ungio jingine likatoa maji kabla kizibo hakijainuka.

Hakunigombeza. Alikaa juu ya lile pipa la dizeli ambalo hakulitumia, akasema, "Mimi ni fundi miaka ishirini na moja. Nilitakiwa kufanya jaribio hili kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Sikulifanya, kwa sababu nilikuwa na namba."

Jumatatu tarehe 11 sikurudi shuleni. Nilikwenda Lindi na Mjomba, kwenye ofisi ya mkaguzi wa mitambo. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili. Tulipoitwa, Mjomba alieleza kwamba ameunda boila, imeharibika, na anataka ikaguliwe ijengwe upya kwa hesabu sahihi, kwa sababu wanawake kumi na wawili wamerudi kwenye karai. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, anaandika bila kutuangalia.

"Hesabu za mwanzo alipiga nani?" akauliza.

Mjomba akafungua mdomo. Nilijua angesema ni yeye. Nikasimama kabla hajasema, nikajibu kwamba ni mimi, nikataja jina langu na kidato changu. Nikaweka mezani kwake ule mchoro na barua zote saba, za Mjomba na zangu, nikamwomba aanze na ya kwanza, ya tarehe 11 Agosti.